Kahawa Iliyoepuliwa Mbichi

Video ile wengi wenu mmekwisha kuiona, kwa kuwa imepita katika simu za waongozaji wa Moshi juma zima na kusifiwa sifa ambazo mimi sioni kama ilizistahili. Basi sina haja ya kusimulia upya jinsi wageni wawili, waliokuwa na siku moja tu kati ya kushuka mlimani na kupanda ndege usiku, walivyoiacha ziara ya hoteli yao na kumchukua kijana wa Uru awatembeze kwao Materuni kwa hiari yao na kwa bei waliyopatana wenyewe. Ninalotaka kulisema ni jambo moja lililotendeka saa tisa kasoro robo mchana, pale kijana alipotazama saa yake, akaamuru chungu kiepuliwe motoni, akaimimina kahawa katika mfuko kuwa hidaya, na kuwaharakisha wageni wake garini ili wawahi kuogelea katika chemchemi ya Chemka. Uamuzi ule ulikuwa kosa, tena kosa ambalo mwongozaji aliyezaliwa kihambani hana udhuru nalo.

Kazi yake ya asubuhi ilikuwa njema: alifika kwa wakati, alipatana bei kabla ya gari kuwashwa, na penye utelezi wa maporomoko hakumwachia mgeni mkono.

Sasa tuitazame sehemu ya jikoni taratibu. Chungu kimekaa juu ya mafiga, mama mwenye nyumba anakoroga kwa mwiko bila kupumzika, na buni, ambazo wageni wenyewe walizitwanga kinuni kwa nyimbo hata ganda likatoka, kisha wakazipepeta kwa ungo huku wakizimwaga nusu, zimekwisha kuacha rangi yao ya kijani, zimepita katika manjano, na zimeingia katika ile hudhurungi nyepesi ya mdalasini ambayo kila aliyekulia Uru, Kibosho au Marangu anajua kuwa inahadaa jicho, kwa sababu punje imeiva nje ilhali ndani ingali mbichi. Mlio wa kwanza wa kupasuka haujasikika. Sikilizeni tena mkipenda: kuna kuni zinazotatarika, kuna kuku, kuna mgeni anayecheka moshi unapomwingia machoni, lakini mlio wa kahawa yenyewe haupo. Mama anainua uso mara mbili kumtazama kijana, na mara ya pili anasema neno la Kichagga ambalo video haikulinasa vizuri. Lakini mwiko wake hausimami, na mwiko ule kwangu ni ushahidi wa kutosha kwamba yeye, aliye hodari wa kazi hiyo kuliko sisi sote tunaoandika na kujadili, hakuwa tayari kuepua. Zilibaki dakika chache za moto, kisha kupoza kwa ungo, kutwanga, kuchemsha, na kumimina katika vikombe vilivyokuwa vimekwisha kupangwa mezani. Vikombe vile vinaonekana katika pembe ya picha hadi mwisho, vikavu.

Wageni hawakuionja. Walitembea tangu asubuhi, wakapanda, wakashuka, wakachuma, wakamenya, wakatwanga, na walipofikia tendo ambalo matendo yote hayo yalikuwa utangulizi wake, waliondolewa. Na lililo zito zaidi ni ule mfuko. Kahawa iliyoepuliwa kabla ya kupasuka ina uchachu mkali na ladha ya nyasi, wala haisagiki vizuri. Mtu akiipika nyumbani kwake Ulaya majuma mawili baadaye hatakumbuka kwamba kiongozi wake alikuwa na haraka, bali atasema, na atakuwa na haki ya kusema, kwamba kahawa ya Kilimanjaro si kitu. Mkulima wa Uru, asiyekuwa na habari ya safari ya Chemka, ndiye atakayeibeba lawama hiyo.

Nimewahi kuandika hapa, na nitaendelea kuandika, juu ya hoteli za mjini Moshi zinazomwamsha mgeni chini ya mlima huu kwa pakiti ya kahawa ya unga wa kuyeyusha na birika la maji yaliyopoa. Nilidhani kwamba waongozaji wa kujitegemea ndio dawa ya aibu hiyo, maana wao huwapeleka watu penye mti wenyewe. Kwa hiyo naliona tendo hili kwa uchungu kuliko ambavyo ningeliona kama lingetendwa na dereva wa kampuni kubwa mwenye ratiba iliyoandikwa na mtu aliye mbali.

Na dakika zile za kukaanga si dakika tupu. Kila mwongozaji wa zamani alijua kuwa hapo ndipo pa kusimulia, kwa sababu mgeni ameketi, mikono yake imechoka, pua yake imeshughulika, na hana pa kwenda. Hapo ndipo mgeni aelezwe jinsi mche huu ulivyoingia kwa wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Jinsi walowezi walivyompinga Mchagga asipande arabika katika shamba lake mwenyewe. Jinsi wakulima walivyoungana mwaka 1925 katika chama chao cha kwanza, ambacho Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake, na jinsi KNCU ilivyochukua nafasi ya chama hicho mwaka 1933, ikawa mojawapo ya vyama vya ushirika vya Waafrika vilivyotajika mno katika bara hili. Haya yote yanaenea ndani ya muda wa chungu kimoja. Katika video kijana anautumia muda huo kuwapiga picha wageni wakiwa na mchi, kisha kuzungumza na dereva wao juu ya barabara.

Watetezi wake wana hoja moja yenye uzito, nami sitaikwepa. Wanasema Chemka haikuwa upande mwingine wa nchi, maana iko kusini ya Boma Ng'ombe, na kila aendaye uwanja wa ndege wa KIA kutoka Moshi sharti apite Boma Ng'ombe. Basi kijana, kwa maneno yao, hakupotea njia bali aliongeza kituo. Katika ramani ni kweli. Lakini mwongozaji hasafiri katika ramani. Kutoka Materuni hadi mjini ni mteremko wa kona usioruhusu haraka. Kutoka mjini hadi Boma Ng'ombe ni barabara ya Arusha yenye vibao vya 50 na askari wa usalama barabarani mnaowajua. Kutoka Boma Ng'ombe hadi chemchemi ni vumbi na mashimo kwenda na vumbi na mashimo kurudi, na ilikuwa Jumamosi jioni, wakati ambapo nusu ya vijana wa Moshi na Arusha wamo ndani ya maji yale wakining'inia katika kamba za mitini. Dereva amesema waliingia majini saa kumi na moja wakatoka baada ya dakika 20, nguo zimelowa zimefungwa katika plastiki, wakafika uwanjani saa 12:35 kwa ndege ya saa mbili kamili. Dawati la kupokelea mizigo hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka. Walibakiwa na dakika 25, na kwa dakika hizo 25 kijana anapewa pongezi! Gurudumu moja lingetoboka katika vumbi la Chemka, na tungekuwa tunazungumza mambo mengine leo. Kuwahi kwao kulikuwa bahati, na bahati haiwezi kuugeuza uamuzi mbaya kuwa mwema.

Wasemao kuwa nakuza jambo na watazame yaliyotokea kwingine. Katika biashara ya meli za matembezi, kuanzia visiwa vya Karibi hadi pwani yetu ya Mombasa na Unguja, kanuni ni ile ile: abiria aliyetoka na ziara ya meli yenyewe akichelewa, meli aghalabu humngoja, bali aliyetoka na kiongozi wa kujitegemea humezwa na saa yake mwenyewe. Mwezi Machi 2024 abiria 8 wa meli Norwegian Dawn, waliokuwa wamejichukulia matembezi yao wenyewe katika kisiwa cha São Tomé, walirudi bandarini wakakuta muda umepita. Meli ikang'oa nanga bila wao, nao wakaifuata nchi kwa nchi kwa siku kadhaa hata wakaipata Dakar. Ndege ya KIA haina huruma zaidi ya meli ile. Kwa hiyo mwongozaji wa kujitegemea, asiyekuwa na ofisi ya kupiga simu wala jina la kampuni la kumkinga, ana rasilmali moja ambayo mwenye mabasi hana, nayo ni uhuru wa kukaa mahali pamoja mpaka jambo likamilike. Kijana huyu aliikaanga rasilmali hiyo pamoja na buni, akaiepua mbichi vilevile.

Wazee walifanyaje? Bwana Kheri, aliyemwongoza Johannes Rebmann kutoka pwani mwaka 1848 hadi wakauona mlima huu tarehe 11 Mei, hakuwa na haja ya kumwonyesha mgeni wake kila kitu kwa siku moja. Alijua njia ya Taita, alijua wapi pa kulala na wapi pa kupita kimya, na akamfikisha Uchaggani salama na kumrudisha. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889, walioongozwa na kubebewa mizigo na watu wa huku, ambao Yohani Lauwo wa Marangu ndiye anayesimuliwa zaidi kati yao, walipofika ukingoni mwa kreta tarehe 3 Oktoba na kuona kwamba saa na nguvu vimewaishia, waligeuka. Kilele kilikuwa juu yao, wakageuka! Walipumzika, wakapanda tena, na tarehe 6 wakafika. Mzee Lauwo aliishi hadi mwaka 1996, na wazee wa Marangu waliofuata nyayo zake walikuwa wakimrudisha mgeni kutoka ukingoni pa Gilman's Point bila kumwonea haya, kwa kuwa waliijua thamani ya saa. Sidhani kama hata mmoja wao angeepua chungu kile.

Na kama wageni wenyewe waliomba Chemka, kama inavyosemwa, jibu lilipaswa kutolewa jioni ya kupatana bei, kwamba kwa mwenye ndege ya saa mbili usiku ni Materuni pamoja na kahawa au ni Chemka peke yake, achague. Tena waambiwe wazi kuwa maji yale ni mazuri kwa rangi lakini hayana moto unaonadiwa katika vibao vya mjini. Wangechagua Uru, wangekunywa saa tisa u nusu, wangeteremka saa kumi, na kabla ya saa 12 wangekuwa uwanjani wakiwa wakavu.

Lililobaki linaweza kurekebishwa, na naliomba kwa kijana mwenyewe, ambaye ana namba za wageni wake. Ujumbe uende leo kuwaambia wasiifungue kahawa ile. Kisha robo kilo iliyokaangwa sawasawa na mama yule yule, aliyelipwa kwa kazi hiyo ya pili kama alivyolipwa kwa ya kwanza, itumwe kwa posta ya Moshi.