Kilatini na Kigiriki katika Msamiati wa Sayansi: Jina Si Elimu

Katika mjadala wa lugha ya kufundishia sayansi hapa Tanzania, hoja moja hujirudia kila mara. Husemwa kwamba sayansi ina lugha zake za asili, nazo ni Kilatini na Kigiriki. Kwamba Kiingereza kimezirithi lugha hizo. Na kwamba Kiswahili, kwa kuwa hakimo katika urithi huo, hakina budi kubaki sokoni na mikutanoni. Upande wa pili wapo wanaojibu kwamba maneno yote hayo ni kasumba ya kikoloni, yafagiliwe mbali, na kila istilahi itungwe upya kwa mizizi ya Kibantu.

Mitazamo hii miwili inaonekana kupingana, lakini kosa lao ni moja. Yote miwili hulitazama neno kana kwamba lilishuka kutoka mbinguni, bila historia na bila watu waliolitengeneza kwa haja zao. Kada na mwanafunzi wanaotaka kulifikiri jambo hili kisayansi waanze na maswali mengine: neno hili lilitungwa lini, na nani, kwa kazi gani? Na leo linamfungulia nani mlango, na linamfungia nani?

Lugha ya wachache

Kilatini kilikuwa lugha ya dola ya Roma. Dola hiyo ilipoanguka upande wa magharibi, lugha yake ilibaki mikononi mwa Kanisa, mahakama na vyuo vikuu. Faida yake haikuwa ndogo, na hatuna sababu ya kuificha: mtaalamu wa Sweden, wa Poland na wa Italia waliweza kusomana bila mkalimani. Newton alipochapa kitabu chake kikuu cha mwendo na mvutano mwaka 1687, alikiandika kwa Kilatini ili kisomwe Ulaya nzima.

Lakini lugha hiyohiyo ilikuwa ukuta ndani ya kila nchi. Mfano ulio wazi ni Uingereza ya karne ya 17. Chama cha matabibu wakubwa wa London kilikuwa na kitabu rasmi cha dawa, kilichoandikwa kwa Kilatini. Mgonjwa maskini hakuweza kujua anapewa nini. Mwaka 1649, mwaka uleule ambao Waingereza walimkata kichwa mfalme wao, Nicholas Culpeper, aliyekuwa amepigana upande wa Bunge katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza. Matabibu wakubwa walighadhibika. Ghadhabu yao haikutokana na ubovu wa dawa, kwani dawa zilikuwa zilezile. Ilitokana na kuvunjwa kwa ukiritimba wao.

Basi Kiingereza, ambacho leo kinatolewa kama mrithi halali wa Kilatini, nacho kiliwahi kuambiwa kwamba hakifai kwa elimu ya juu. Kiliingia katika sayansi kwa kupiganiwa. Newton mwenyewe, aliyeandika kwa Kilatini mwaka 1687, alitoa kitabu chake cha nuru kwa Kiingereza mwaka 1704. Galileo naye alikwisha kutoa majadiliano yake juu ya mifumo ya ulimwengu kwa Kiitaliano mwaka 1632.

Tena urithi wenyewe haukupita njia moja. Vitabu vingi vya Wagiriki vilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9, na mtafsiri aliyetajika sana alikuwa Hunayn ibn Ishaq. Katika karne ya 12 wasomi wa Ulaya walikwenda Toledo, Hispania, kuvitafsiri kutoka Kiarabu kwenda Kilatini. Ndiyo maana aljebra na alkali ni maneno ya Kiarabu yaliyovaa joho la Ulaya. Anayesema kwamba sayansi ni mali ya Kilatini na Kigiriki tu hajasoma hata historia ya lugha hizo.

Mwana wa mhunzi na mtaalamu wa Kigiriki

Wengi hudhani kwamba maneno ya Kigiriki yaliyomo katika vitabu vya sayansi yalitumiwa na Wagiriki wa kale. Sivyo. Mengi yalitungwa na Wazungu wa zama za viwanda, wakichukua vipande vya lugha za kale na kuviunga kama fundi aungavyo mbao.

Tazama maneno anodi, kathodi na ioni. Michael Faraday alikuwa mwana wa mhunzi. Alianza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu, akajielimisha kwa kuvisoma vilevile alivyovijalidi. Ni yeye aliyechunguza jinsi umeme unavyopasua kemikali zilizo katika kimiminiko. Lakini hakusomeshwa Kigiriki, kwa kuwa Kigiriki kilikuwa elimu ya watoto wa wenye nafasi. Mwaka 1834 ilimbidi amwandikie William Whewell, msomi wa Cambridge, amsaidie kupata majina. Ndipo yakapatikana: anodi, yaani njia ya kupanda, kathodi, njia ya kushuka, na ioni, kile kiendacho.

Funzo la kwanza hapa ni kwamba elimu ilitangulia na jina likafuata. Faraday alikwisha kuyaona mambo hayo kwa macho yake kabla hayajapata majina ya Kigiriki. Funzo la pili linawahusu wale wanaotaka kufagia kila kitu. Faraday alitaka majina ambayo hayangemfunga katika nadharia yoyote juu ya umeme, kwa sababu alijua nadharia zinabadilika. Neno geni lililo tupu lilimfaa kuliko neno la nyumbani lililojaa maana nyingine. Hiyo ni sababu ya kikazi, nayo inastahili kuheshimiwa.

Jina linapobeba kosa

Kinyume cha Faraday ni Lavoisier. Mwaka 1787 yeye na wenzake watatu nchini Ufaransa walitoa mpango mpya wa majina ya kemia. Ulikuwa mpango wa kimapinduzi, ulioondoa majina ya ovyo ya zamani na kuweka utaratibu. Hata hivyo Lavoisier aliamini kwamba kila asidi ina hewa ile inayotuwezesha kupumua, akaiita oksijeni, maana yake kwa Kigiriki "kizaa asidi". Mwaka 1810 Humphry Davy alithibitisha kwamba klorini ni elementi. Hivyo asidi hidrokloriki ni hidrojeni na klorini tu, haina oksijeni hata chembe. Nadharia ikaanguka, jina likabaki. Hata atomu maana yake ni "isiyogawanyika", ilhali elektroni, ambayo ni sehemu ya atomu, iligunduliwa mwaka 1897.

Wajerumani hawakuchukua neno la Kigiriki. Walilitafsiri wakapata Sauerstoff, yaani kitu cha uchachu. Wajapani nao, kupitia mtafsiri Utagawa Yōan katika karne ya 19, walifanya vivyo hivyo. Mambo mawili yanadhihirika. Kwanza, Ujerumani haikuzuiwa na neno lake la kienyeji kujenga viwanda vikubwa vya kemia. Mwaka 1913 ilianza kutengeneza kiwandani amonia inayotokana na naitrojeni ya hewani. Hoja kwamba bila Kigiriki hakuna kemia imekufa hapo. Pili, waliotafsiri waliitafsiri pamoja na kosa lake. Neno la nyumbani si safi kwa kuwa ni la nyumbani tu.

Jina na aliyetoa fedha

Tuje nyumbani. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aligundua fuvu la kale katika Bonde la Olduvai. Louis Leakey akalipa jina Zinjanthropus boisei. Lipasue jina hilo. Zinj ni jina la kale la Kiarabu la pwani ya Afrika ya Mashariki. Anthropus ni Kigiriki, mtu. Boisei ni Charles Boise, aliyetoa fedha za utafiti. Hata Olduvai ni matamshi yaliyokosewa ya neno la Kimaasai oldupai, mkonge-mwitu. Wanasayansi wengi baadaye walilihamisha fuvu hilo katika kundi la Paranthropus, lakini kwa kanuni za majina ya wanyama, boisei limebaki.

Joho la Kilatini halikuzuia mahusiano ya fedha kuingia katika jina. Liliyafunika tu yaonekane kama elimu tupu. Kanuni zenyewe si amri za Mungu. Hadi mwisho wa mwaka 2011, mmea mpya haukutambuliwa kimataifa bila maelezo ya Kilatini. Kuanzia 1 Januari 2012 Kiingereza nacho kikakubaliwa. Kilichowekwa na watu kimebadilishwa na watu.

Mstari ulio sahihi

Kwa Kiswahili, tatizo halijawa ukosefu wa maneno. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia hadi juu ya shule ya msingi. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na madarasa ya sekondari ambayo yangeitumia yakaendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Istilahi isiyotumika darasani ni kama jembe lililofungiwa ghalani.

Anayeumia ni mtoto wa mkulima na mfanyakazi. Katika shule ya msingi amefundishwa usanisinuru: usanisi, yaani kuunda kitu kwa kuunganisha, na nuru. Akifika kidato cha kwanza anakutana na neno la Kigiriki lenye maana ileile, kupitia Kiingereza, naye hudhani ni jambo jipya. Hulikariri, huliandika kwenye mtihani, na hulisahau. Mwenzake mwenye fedha za shule ya Kiingereza tangu utotoni humpita, si kwa akili, bali kwa neno.

Kwa hiyo yafaa tushike mambo matatu. Alama za elementi na majina ya kitaalamu ya mimea na wanyama yabaki, kwa kuwa ni mali ya dunia nzima na huunganisha watafiti. Majina ya matukio, magonjwa na kazi yawe ya Kiswahili kila yanapoweza kueleweka na mwananchi bila kupotosha ukweli. Na mizizi michache ya Kigiriki na Kilatini, kama ile yenye maana ya maji, joto, nuru na uhai, ifundishwe waziwazi kwa Kiswahili, ili mwanafunzi aweze kulipasua neno geni kama tulivyolipasua jina la fuvu la Olduvai.

Culpeper hakuitupa elimu iliyokuwa ndani ya Kilatini. Aliitoa nje ya ukuta, watu wakaitumia. Kazi ya namna hiyo kwetu bado haijakamilika, nayo itakamilika darasani.