Mizani Bila Jiwe

Mwuza nafaka aliyepotelewa na jiwe la mizani hawezi kukwambia kwa yakini uzito wa gunia lake. Lakini, akiwa mwerevu na mwaminifu, aweza kukwambia bila kutetereka kwamba gunia hili limezidi lile, na limezidi kwa kiasi gani. Fani ninayoikusudia kuisifu ni ya watu wa tabia hiyo, wanahisabati wavipimao vipimo vya maradhi ilhali kipimo kamili cha kuvisahihishia hakipo.

Stockholm, mji wa visiwa uliojengwa pale maji ya ziwa Mälaren yanapomwagikia bahari ya Baltiki, iliwahi kuwa baraza lao. Kati ya mwaka 2012 na 2014 watafiti wa Karolinska Institutet waliwaalika wanaume wa miaka 50 hadi 69, wakaitikia 58,818, na damu zao zikapimwa kwa PSA, kipimo cha zamani cha saratani ya tezi dume, na kwa kipimo kipya kiitwacho Stockholm3. Aliyetiliwa shaka na kimoja au na vyote viwili alichomwa sindano, akatolewa vinyama vya tezi. Aliyetakaswa na vyote hakuguswa, kwani si insafu kumjeruhi mtu kwa ajili ya hesabu. Hivyo jumla ya wagonjwa ilibaki siri, na hata sindano yenyewe si hakimu maasumu, maana yaweza kupita kando ya uvimbe isiuguse.

Tuseme basi kipimo kimoja kimefichua wagonjwa 30 na cha pili 40. Wawe wagonjwa wote 50 au 500, cha pili kimezidi kwa theluthi, kwa kuwa jumla ile isiyojulikana imezigawa hesabu zote mbili sawasawa, ikajifuta. Ilimradi sindano iwe imewakosa wa huku na wa huko kwa kiasi kile kile. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba Stockholm3, bila kupungukiwa katika kuigundua saratani kali, ingewaepushia sindano asilimia 32 ya waliochomwa kwa amri ya PSA.

Wanatakwimu Hui na Walter, mwaka 1980, walikuwa wamekwisha kuthubutu zaidi: wakamwacha hakimu kabisa, wakawachukua mashahidi wawili wenye kasoro, yaani vipimo viwili, na kuwahoji katika miji miwili, mmoja wenye maradhi mengi na mwingine machache, wakapata hesabu sita za kufumbulia mafumbo sita. Sharti lao walilitamka waziwazi: mashahidi wasiwe wameshirikiana makosa.

Utukufu wa fani hii, nionavyo, umo katika kutamka sharti kabla ya hukumu. Na yule mzee wa Stockholm aliyerudi kwake bila kuchomwa hakujua kuwa hesabu ilipangwa makusudi isihitaji nyama yake.