Mtoni ya Salme na Vitebsk ya Chagall: Kumbukumbu na Kilichoachwa Nje ya Picha

Kumbukumbu za Emily Ruete, aliyezaliwa Salme binti Said katika jumba la Mtoni mwaka 1844, zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Kwa kawaida husomwa kama hati ya historia ya ukoo wa Seyyid Said bin Sultan. Hapa zinasomwa kama taswira ya ndoto, kwa kuzilinganisha na michoro ya Marc Chagall, Myahudi wa Vitebsk.

Chagall, mwana wa familia ya Kihasidi, alichora "Mimi na Kijiji" mwaka 1911 akiwa Paris: uso wa mtu unatazamana na wa mnyama, na baadhi ya nyumba zimepinduka. Kwingineko yeye na mpenzi wake Bella wanaelea juu ya mji. Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 kwa ajili ya mapenzi yake na Heinrich Ruete wa Hamburg na kufiwa naye mwaka 1870, hapindui nyumba, huijaza. Uani mwa Mtoni tausi, paa na mbuni wanatembea huru. Wingi huo ndio mbinu yake ya kuurejesha utoto.

Tofauti yao inadhihirika panapohusika maumivu. Katika "Msalaba Mweupe" (1938), Chagall anamvisha Yesu shali ya sala ya Kiyahudi; kandoni sinagogi linaungua na watu wanakimbia. Mtindo ni uleule wa ndoto, ila moto umo ndani ya picha. Salme, kinyume chake, anatenga sura nzima kuutetea utumwa, na waliouhudumia ua ule hawapewi nafasi ya kujisemea.

Hata hivyo, matini yenyewe yanamsuta. Anasimulia kwamba mama yake, Jilfidan, Mcherkesi, alitekwa utotoni baada ya wazazi wake kuuawa, ndipo akaja kumilikiwa na Seyyid. Mtetezi wa utumwa, basi, ni binti wa suria aliyetekwa, na upendo wake kwa mama ndio unaoihifadhi habari ambayo hoja yake ingeifuta.

Aliporejea mwaka 1885 aliikuta Mtoni imekuwa magofu. Anayetumia maelezo yake kuyaeleza magofu hayo leo hana budi kuisoma sura ya utumwa sambamba na kisa cha Jilfidan. Vinginevyo atawarithisha wanafunzi tausi bila waliowalisha.