Marudio ya Kale

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Biharamulo, mwenye akili hatupi marudio. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga ukaoshwa kwenye mwalo na dhahabu ya kwanza ikatoka, mchanga unaobaki hulundikwa pembeni na kulindwa. Mnunuzi wake atakuja. Ndiyo maana nadhani mchimbaji mdogo anaweza kumwelewa mwanaakiolojia upesi kuliko msomi wa mjini. Kazi ya mwanaakiolojia nayo ni marudio, ila ya watu waliokufa zamani.

Tazama mavi ya chuma, taka inayobaki chuma kikiyeyushwa. Ndilo jina lake, wala halina aibu. Jembe hugonga kitu cheusi, kizito kuliko ukubwa wake, chenye vipovu kama uji uliofurika ukagandia mafigani. Mkulima hukitupa mpakani. Fundi wa akiolojia hukiokota, akakigeuza, akatafuta michirizi ubavuni: alama za matete. Matete yenyewe yaliungua zamani. Umbo lake limebaki katika taka iliyoyamiminikia ikiwa bado moto.

Alama hizo zilipata wasomaji mwaka 1976, pale wazee wa Nyungwe, Buhaya, walipokubali kuyeyusha chuma tena, baada ya miaka mingi ya majembe ya dukani. Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, alikaa pembeni akajifunza. Wazee walichimba shimo, wakalijaza matete ya bwawani yaliyochomwa, wakainua kuta za tanuri kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya kale, wakaingiza mabomba ya udongo, kisha mivukuto ikaanza kuhema. Kumbe wahunzi nao walijenga kwa marudio.

Kabla ya hapo, wazee wa Katuruka, huko huko Buhaya, walikuwa wamemsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyeamuru ujengwe mnara wa chuma ufike mbinguni. Mwenye haraka angesema ni hadithi ya kubembelezea watoto. Schmidt alichimba walipomwelekeza. Mkaa uliotoka chini ulipopimwa, umri wake ulipita miaka 2,000. Mfalme wa karne chache zilizopita alikuwa amepewa na wasimulizi kazi ya wahunzi waliomtangulia mbali sana. Lakini mahali hapakukosewa.

Sasa shuka hadi Ngara, usimame kwenye daraja la Rusumo. Maji ya Ruvubu na Nyabarongo yamekwisha kukutana, yanaporomoka yakiitwa Kagera. Yataingia Ziwa Victoria, yatatokea Jinja yakiwa Nile, na mwisho yatapita Meroe, mji wa wafalme wa Kush, huko Nubia. Meroe nayo ina vilima vya mavi ya chuma. Mwaka 1834 Mwitaliano Giuseppe Ferlini alibomoa vilele vya piramidi zake akitafuta hazina. Alipata vito vya malkia. Habari za waliovukuta moto hakuzitafuta. Baadaye vitabu vikafundisha kuwa ufundi wa chuma ulitoka Meroe ukaenea Afrika nzima, kana kwamba maarifa yalipanda mto hadi kwetu. Mkaa wa Katuruka ulilitia shaka somo hilo. Haukuwa na makelele. Ulikuwa na umri tu.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo dhahabu isingelisema. Warongo, wahunzi wa upande huu wa kusini-magharibi mwa ziwa, walichimba kitobo sakafuni mwa tanuri, wakaweka dawa, kwa kuwa tanuri kwao lilikuwa mama mwenye mimba, na chuma mtoto. Vitobo vya namna hiyo vimeonekana chini ya matanuri ya kale huko Buhaya. Schmidt na Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, wameandika habari zake. Ili ukione kitobo kama hicho lazima ushuke kwa mwiko na brashi, kidole kwa kidole, ukitofautisha udongo uliojaza shimo na udongo uliolizunguka, pengine kwa rangi tu. Sururu ingekipita kwa pigo moja.

Hapo ndipo mchimbaji wa dhahabu na mwanaakiolojia wanapoachana. Mchimbaji akikosea leo, kesho ataosha tena. Mwanaakiolojia akishaondoa tabaka, haliwekeki tena. Kilichobaki ni alichokiandika daftarini. Anashinda katika marudio ya wenzake, na mkono wake mwenyewe hauna marudio.