Ofisi Tupu za Calgary

Bei ya mafuta ilipoanguka mwaka 2014, katikati ya mji wa Calgary, Kanada, palibaki maghorofa ya ofisi yasiyo na watu, kwani palijengwa kwa kuitegemea mno biashara hiyo moja. Mwaka 2021 baraza la mji likaanza kuwapa wenye majumba dola 75 za Kanada kwa kila futi ya mraba ya ofisi itakayogeuzwa makazi. Rai hii ni njema. Jumba lisilokaliwa huchakaa, na maduka yaliyo jirani hukosa wanunuzi. Lakini hebu tazama kipimo chenyewe! Fedha ya umma inapimwa kwa sakafu ya tajiri, haipimwi kwa kodi atakayotozwa mpangaji. Je, yule mfagizi aliyezisafisha ofisi zile usiku, ataweza kupanga humo?