Mlima Mzuri, Reli Mbovu

Mgeni anayeingia katika chumba changu cha nyuma huona kwanza mlima. Umesimama juu ya meza ya plaiwudi yenye futi nane kwa nne, nao una miti, una majabali, una na handaki ambamo treni ndogo huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Mgeni hustaajabu, husema, "Mwalimu, umeweza!" Kisha hunywa chai yake akaenda zake. Ni wachache mno walioniuliza swali la msingi: je, treni yenyewe inakwenda?

Siwalaumu, kwa kuwa hata mimi niliijenga kwa jicho hilo hilo. Ila sasa nina maoni tofauti kuhusu namna ya kuihakiki kazi ya aina hii, nami napenda kuyaeleza.

Chuoni tulikuwa tukiwafundisha wanachuo kuipima kazi ya fasihi kwa fani na maudhui. Reli ya modeli nayo ni kazi ya sanaa, na yastahili mizani hiyo. Mlima, vituo na miti ni fani. Maudhui yake ni mwendo. Reli imewekwa duniani ili kumtoa mtu au mzigo hapa na kumfikisha pale. Reli isiyofikisha, hata ikipambwa vipi, ni picha tu.

Katika ulimwengu wa wajenzi wa reli hizi, ni machache majina yanayotajwa kwa heshima kama la John Allen, Mmarekani aliyekuwa mpiga picha na aliyeishi Monterey, California. Reli yake aliipa jina la mzaha, Gorre & Daphetid, ambalo likitamkwa kwa Kiingereza lasikika kama kusema mtu ametapakaa damu na ameshindwa. Alijenga milima kutoka sakafuni kuelekea dari, akaweka vioo ili bonde dogo lionekane pana, akayapaka mabehewa yake kutu na masizi wakati ambapo wengi walipenda yang'ae. Hata mnyama wa kale, dinosaria aliyemwita Emma, alimtia kazini kuvuta mabehewa. Allen alifariki tarehe 6 Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi hiyo. Sisi wengine tunamjua kwa picha, hasa zile zilizomo katika kitabu cha Linn Westcott kilichotoka mwaka 1981.

Kitabu hicho nimekisoma mara nyingi nami nakisifu. Lakini picha haina mwendo. Anayejifunza kwa Allen kupitia picha hujifunza mlima, na ndivyo ilivyonipata mimi. Husahau kwamba Allen huyo huyo aliwakusanya marafiki zake wakaziendesha treni kwa ratiba, kila mmoja na kazi yake, kama watumishi wa reli halisi. Husahau pia kwamba alibuni fumbo liitwalo Timesaver, lenye swichi tano za reli na mabehewa machache, ambapo mshindi ni yule anayeyapanga mabehewa kwa muda mfupi zaidi. Fumbo hilo halina mlima hata mmoja. Kwangu mimi, hapo ndipo msanii huyu alipotuonyesha alichokithamini.

Wako wahakiki wengine wanaokamata vipimo. Seti yangu, niliyoinunua nikiwa masomoni Uingereza miaka ya 1980, ni ya kipimo cha OO. Vitu vyote vimepunguzwa mara 76, lakini upana wa njia ni milimita 16.5, ambapo kwa reli halisi ya milimita 1435 ungepaswa kukaribia 18.8. Kwa hiyo kichwa cha treni kimesimama juu ya miguu iliyobanana. Kosa hilo ni la kweli, wala sikatai. Hata hivyo treni hufika, na uwongo wa milimita mbili hauniumizi kama ule ninaotaka kuusimulia.

Mlima wangu niliujenga kwa waya wa kuku, magazeti yaliyolowekwa katika gundi ya unga, na plasta juu yake. Majani ni vumbi la mbao nililolitia rangi ya kijani. Kazi ilinichukua miezi minne. Siku ya uzinduzi niliita jirani na wajukuu. Treni ikaondoka vizuri, ikaingia handakini, ikanyamaza humo.

Hukumu yangu ilikuwa tayari: kichwa ni kibovu. Nilikitoa kwa fimbo, nikakifungua. Nilisafisha magurudumu kwa spiriti, nikatia mafuta mengi kuliko yanavyohitajika, nikazitoa kaboni za mota. Springi ya kaboni moja iliruka, na mpaka leo sijaiona. Wiki tatu nilikishughulikia kichwa kile, na kila nilipokirudisha hali ilikuwa mbaya zaidi, safari hii kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwishowe nilimwita kijana anayetengeneza redio sokoni. Hakukigusa kichwa. Aliniuliza, "Mzee, kinasimama wapi?"

Nikajibu, "Humo handakini."

"Siku zote humo?"

"Siku zote."

"Na kile kingine, ulikijaribu?"

Sikuwa nimekijaribu. Tukakiweka kichwa changu cha pili, nacho kikafia pale pale. Akachukua mita ya umeme, akapima reli za mlangoni: volti 12. Akapenyeza nyaya hadi ndani: hakuna kitu. Kiungio kimoja cha reli kilikuwa kimelegea, na plasta ya mlima wangu mzuri ilikuwa imedondokea humo ikakiziba. Treni hizi hupata umeme kutoka reli moja kupitia magurudumu ya upande mmoja, ukapita kwenye mota, ukarudi kwa magurudumu ya upande wa pili katika reli nyingine. Njia ikikatika mahali pamoja, mota nzima kama mpya haina la kufanya. Ili kukifikia kiungio kile ilitubidi tuukate mlima kwa msumeno.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu wa yule kijana. Vichwa vyote vikisimama mahali pamoja, kosa ni la njia: uchafu, kiungio, au waya. Kichwa kimoja kikisimama kila mahali na vingine vikapita, kosa ni lake, nami huanza na magurudumu na vibati vinavyoyagusa kuchukua umeme, kabla ya kuifikiria mota. Hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo sitajua kilichoponya. Reli huifuta kwa kitambaa safi chenye spiriti, wala siisugui tena kwa msasa, maana mikwaruzo yake hukusanya uchafu. Na kila kipande cha reli nimekilehemu waya wake wa umeme, nisivitegemee viungio peke yake.

Nami nisingeyaandika haya kama yangekuwa mambo ya mezani tu. Mwaka mmoja, nikiwa mkuu wa chuo, nilikwenda kumkagua mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa kugawanya sehemu kwa sehemu. Alianza vizuri, akaandika mfano ubaoni, kisha mtoto mmoja akamwuliza kwa nini sehemu ya pili inapinduliwa. Alisimama na chaki mkononi, akarudia kanuni, mtoto akarudia swali, naye akanyamaza. Katika fomu niliandika kwamba hajiandai na hana wito. Nilikuwa nimemfungua yeye, nikatafuta kasoro ndani yake, na nilizipata, kwa kuwa anayetafuta hapo hakosi. Hakurudi kumalizia mafunzo.

Mwaka uliofuata mwanachuo mwingine, hodari kabisa, alisimama katika somo lile lile, katika swali lile lile. Huyo nilimsamehe kwa sababu ya uhodari wake, na sikuuliza zaidi. Somo la mbinu za kufundisha hesabu pale chuoni tulikuwa tukiligawana walimu wawili, na sura ya sehemu ilikuwa yangu. Nilikuwa nikiwapa kanuni, nikawaambia wapindue na kuzidisha, na sikuwahi kuwaeleza kwa nini, kwa kuwa hata mimi niliipokea hivyo hivyo. Sifa ya chuo chetu ilikuwa nzuri, bustani zilipendeza, gwaride la mahafali lilisifiwa na wageni. Kiungio kilichokatika kilikuwa chini ya mlima huo, na aliyekiziba ni mimi.

Kwa hiyo nikiulizwa leo ipi ni reli bora ya modeli, sitataka kuonyeshwa picha. Nitaomba treni ifanye mizunguko ishirini mbele yangu. Ikikwama, nitaangalia kama mjenzi ananyoosha mkono kukamata kichwa, au anainama kuitazama njia.

Mlima wangu sasa una mlango ubavuni, wa plaiwudi tupu, upana wa kiganja. Wageni huuliza kwa nini sikuupaka rangi, kwani unaharibu sura. Huwaambia nimeuacha ili niuone upesi. Kisha huwasha transfoma, treni ikaingia, nasi tukangoja itoke.