Alama ya Kichina, Asili Yake na Ngege wa Kisumu

Tangu Taasisi ya Confucius ilipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, mafunzo ya Kichina yamepanuka nchini Kenya. Ipo njia moja mashuhuri ya kufunza mwandiko wa lugha hiyo: kila alama huchukuliwa kuwa picha, na kila picha hutungiwa kisa. Njia hiyo husaidia kumbukumbu. Kama njia ya kueleza maana, hata hivyo, ina kasoro kubwa, nayo hudhihirika katika jina la samaki asiye mgeni Kisumu.

Samaki huyo ni ngege, ambaye Watanzania humwita sato. Wachina humwita luofeiyu, yaani 罗非鱼. Alama ya mwisho, yu, maana yake ni samaki, na chanzo chake ni picha kweli. Katika maandishi ya kale yaliyochongwa mifupani, kichwa na mkia huonekana. Umbo la jadi, 魚, lina vitone vinne chini. Kwa kuwa vitone hivyo katika alama nyingine huwa ni moto, mwanafunzi aweza kudhani samaki amekwisha kubandikwa jikoni, kumbe ni mkia wake tu.

Alama mbili za kwanza zina mambo mengine. Xu Shen, katika kamusi yake Shuowen Jiezi ya mnamo mwaka 100 B.K., alieleza kuwa luo ni wavu wa kunasia ndege, na kwamba fei, yenye maana ya "si", ilitokana na mabawa yaliyopeana kisogo. Mwenye kuunganisha asili hizo atapata "samaki asiye wa wavu", na kisa kitajitunga: huyu ni samaki wa kufugwa bwawani, si wa kuvuliwa ziwani. Baada ya ubishi wa mwaka 2018 kuhusu samaki walioagizwa kutoka Uchina, kisa hicho kingepata wasikilizaji wengi kandokando ya ziwa. Nacho si kweli. Luo imetoka katika Niluo, yaani Nile. Fei imetoka katika Feizhou, yaani Afrika. Wala luo hiyo haiwahusu Wajaluo, ingawa sikio la Kisumu litashawishika.

Suala zito zaidi ni hilo jina Feizhou. Likifasiriwa alama kwa alama, huwa "bara la si", hali Marekani huandikwa kwa alama ya uzuri. Ni rahisi kuona tusi hapo. Lakini fei ni ufupisho wa Afeilijia, na kazi yake humo ni kubeba sauti. Msomaji wa Kiswahili hadai kwamba Siaya ni mahali palipokanwa kuwa aya. Hata hivyo hoja hii isivutwe kupita kiasi: alama ya Kichina haipotezi maana yake machoni pa msomaji, na uteuzi wa alama moja badala ya nyingine waweza kuchunguzwa. Uchunguzi huo wahitaji ushahidi wa matumizi na historia, hasira haitoshi.

Mwalimu basi hana budi kutenga mambo matatu: umbo lilianzaje, alama ina maana gani peke yake, na inafanya kazi gani ndani ya neno. Kisa kitumike kwa jambo la kwanza, tena kikiwa na ushahidi. Kikiachiwa yote matatu, mwanafunzi atakumbuka mengi na kuelewa machache.